Sahani ya Denis Isiyo na Besi

Siku ile kwenye benchi la kituo cha mwisho cha tramu, hapa Fleetwood, pwani ya Uingereza, tulikuwepo Doreen wa kibanda cha chai, Bernard tunayemwita Breki kwa sababu aliendesha tramu mpaka akastaafu, Wilf tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, Alec tunayemwita Nguzo, mimi Kerry, na mwanangu Nell, ambaye alikuwa anaota meno na hakutaka mtu yeyote apate raha. Baadaye alikuja mwanamke mwenye mbwa, lakini huyo sikumjua wala sijamwona tena. Upepo ulikuwa unatoka ghubani na manyunyu yake, chai inapoa kabla kikombe hakijafika nusu. Kila mtu alikuwa anakaa, anasimama, anakaa tena. Tulikuwa na sababu. Nguzo alikuja na gitaa lake la besi ndani ya kasha, na alikuwa anasubiri tramu ya Blackpool akaliuze.

Tunamwita Nguzo kwa kuwa jukwaani alikuwa hasogei. Ukitazama picha za zamani kwenye ukuta wa klabu ya wavuvi, wenzake wote wametoka na ukungu kwa kurukaruka, yeye tu ndiye anayeonekana vizuri. Kwa miaka mingi alimpigia besi Denis Cottam, ambaye alitunga, akaimba na kupiga gitaa, na ambaye mji mzima unamwita Denis tu, kama ndugu yetu. Bendi ilipovunjika hawakugombana. Ila hawakutembeleana tena. Kila mmoja alikaa kwake akisubiri mwenzake abishe hodi, na nywele zikawa nyeupe hivyo hivyo. Halafu mwezi ule Denis akatoa albamu yake mwenyewe, sahani ya santuri aliyoirekodi kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yake, kule juu karibu na mnara wa taa. Gitaa alipiga yeye, ngoma yeye, kinanda yeye, hata makofi ni yake. Besi hakupiga mtu. Haimo kabisa.

Hilo ndilo lililokuwa linatuwasha.

Breki alisema kosa ni la mashine. Denis alinunua mashine ya kurekodia iliyokwisha kutumika, na mashine ikichoka huanza kupoteza sauti nene. Redio akasema hapana, ni jirani. Ukuta wa Denis ndio ukuta wa Bi Singleton, na upande wa pili wa ukuta huo ndipo lilipo kabati lenye vikombe vyake vya harusi. Besi ikipigwa, vikombe vinacheza. Doreen akachungulia kwenye dirisha la kibanda, kitambaa mkononi, akasema wote wawili hawajui kitu: Denis masikio yake hayapokei tena sauti nene, basi. Ushahidi wake ulikuwa kwamba Breki akimsalimia barabarani Denis hupita kimya, lakini paka akilia ng'ambo anageuka.

— Labda hanipendi tu, Breki akasema.

— Hilo nalo linawezekana, kipenzi, Doreen akajibu, akamwongezea chai.

Redio alikuwa amesimama tena.

— Mimi nawaambia ni sili, akasema. Wale wanyama wa baharini wenye masharubu, wa kule ghubani. Sauti nene inawaita. Denis alijaribu besi siku moja dirisha likiwa wazi, kesho yake sili wamejaa gatini wanangoja wimbo wa pili. Watu wa gati wakamwambia achague, besi au boti ya kuvusha watu.

— Nani kakwambia?

— Mtu wa boti.

— Boti haijatembea wiki hii, Wilf.

— Sasa unaona kwa nini.

Nguzo hakucheka. Alikuwa anatazama reli, kasha limesimama katikati ya magoti yake kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

Mtu asiyetujua angedhani tunapiga soga tu. Lakini mimi niliona. Tramu ya kwanza ilipofika, Doreen alimletea Nguzo mkate wa bekoni ambao hakuuagiza, wa moto, unachuruzika mchuzi, na mtu mwenye kofia nzuri hapandi tramu na kitu kama hicho. Tramu ikaondoka. Ya pili ilipokuja, Breki aliinamisha kichwa, akasikiliza magurudumu, akasema kwa uso mkavu kwamba ile asingempandisha hata mama mkwe wake. Ikaondoka nayo. Hakuna aliyemwambia Nguzo asiliuze gitaa. Kwetu humwambii mtu mzima jambo kama hilo. Unampa mkate.

Lakini ya tatu ilikuwa njiani, na Doreen alikuwa amemaliza mikate.

— Mnahangaika bure, Nguzo akasema. Hakunitaka. Mtu akikutaka anakuita.

Nikamwuliza kama ameisikiliza hiyo albamu.

— Sijaisikiliza na siisikilizi. Picha ya juu inanitosha.

Ile picha tuliijua sote, maana Doreen alikuwa amelibandika jalada la sahani kwenye kioo cha kibanda: Denis amekaa kwenye chumba chake cha nyuma na gitaa, na pembeni yake kuna kiti kingine, kitupu. Redio alishasema ni cha paka.

— Ameniwekea kiti watu wote waone kwamba sipo, Nguzo akasema. Ndizo zake. Miaka yote ile hakunipa ishara hata siku moja. Wapiga gitaa wenzake wanakutikisia kichwa, wanakukonyeza, unajua haya, ingia. Denis wapi, anatazama ukuta. Namwuliza, huu mpya naingia wapi? Ananiambia, utajua.

— Na ulikuwa unajua? Breki akauliza.

— Nilikuwa naingia tu.

Akatoa saa mfukoni, akairudisha bila kuitazama. Nell alikuwa amekunja ngumi na kuanza kile kilio chake cha meno, kinachopanda ngazi na hakishuki. Nilikuwa natafuta kipira chake cha kung'ata kwenye mfuko, napata soksi, napata biskuti, kipira sikipati. Doreen akaniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka mnarani kama mtoto angenyamaza akiwekewa muziki. Nilimtazama, naye akanitazama. Nikasema angenyamaza, ingawa sikuwa na hakika hata kidogo.

Nguzo akafungua kinywa kukataa. Lakini mtu gani atamnyima mtoto anayelia? Akafumba kinywa, na kwa kuwa mikono yangu miwili ilikuwa ndani ya mfuko, akashika kigari cha Nell yeye mwenyewe na kuanza kukisukuma mbele na nyuma, polepole. Huo ndio ubaya wa watu wema, ni rahisi kuwatega.

Doreen aliweka sahani kwenye gramafoni ya kibandani, upande wa pili, wimbo wa kwanza. Sauti ya Denis imechakaa siku hizi, imekuwa kama mlango wa banda, lakini gitaa bado ni lile lile. Linatembea hatua chache, halafu linasimama. Kimya. Halafu linatembea tena. Nyumbani nilipousikia wimbo ule mara ya kwanza nilidhani vidole vyake vimezeeka, amesahau, anakumbuka. Nilimwonea huruma.

Mwanamke mwenye mbwa alikuja wakati huo akitafuta chai. Mbwa alijikung'uta maji, Redio akalalamika kuhusu suruali yake, mwanamke akaomba radhi. Alipewa kikombe, akakishika kwa mikono miwili kupata joto. Halafu nikamwona ametulia, anatazama kigari cha mwanangu. Nami nikatazama.

Nguzo uso wake ulikuwa kwenye reli, kama mtu ambaye hasikilizi. Lakini vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vinagonga mpini wa kigari. Havikugonga ovyo. Gitaa likitembea, vilitulia. Gitaa likisimama, vilishuka, vizito, vinajaza pale palipoachwa wazi, na vikatoka gitaa lilipotaka kurudi. Nell alikuwa amenyamaza. Macho yake yalikuwa kwenye vile vidole.

— Wimbo wako huo, babu? mwanamke akauliza.

— Wala. Ndiyo kwanza nausikia.

— Sasa unajuaje pa kuingia?

Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza tramu inafika saa ngapi. Breki akatazama kikombe chake. Redio akakaa. Nguzo akautazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine aliyekaa karibu naye. Denis akaimba mstari, gitaa likasimama, na vidole vikashuka tena bila kumwuliza mwenyewe.

Tramu ya tatu ikapinda kona, ikaja ikasimama mbele yetu na milango ikafunguka. Dereva alisubiri. Kengele ikalia. Breki akamwashiria kwa mkono, kama zamani alipokuwa mkubwa wao, aende zake. Akaenda.

Nguzo alinipa mpini wa kigari taratibu sana.

— Asiamke, akasema, maana Nell alikuwa amelala.

Akapangusa mchuzi wa bekoni kidoleni, akavaa kofia vizuri, akachukua kasha. Hakuaga. Alivuka reli akaelekea juu, njia ya mnara wa taa, akitembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona, kasha likimgonga mguuni. Redio akainuka amfuate aone itakuwaje.

— Kaa chini, Wilf, Doreen akasema.

— Lakini atamwambia nini?

— Kaa chini, kipenzi.

Akakaa. Doreen akarudisha sindano mwanzo wa wimbo, akapunguza sauti kwa ajili ya mtoto.

Siku hizi Nguzo haji benchini siku za Alhamisi, na Bi Singleton amehamishia vikombe vyake vya harusi kwenye kabati la upande mwingine wa nyumba.