Simu Iliniambia: You Left

Benchi letu la Kizwite ni ubao wa lori lililokufa, umelazwa juu ya matofali, na mmoja akisimama ghafla, wa mwisho anaanguka. Jumamosi hiyo asubuhi upepo wa Ufipa ulikuwa unaingia mpaka kwenye mifupa, watu wameshika vikombe vya kahawa kwa mikono miwili, hawanywi, wanaota moto. Abdillah muuza kahawa anamimina huku anasikiliza. Zubery ni utingo wa malori ya Kasanga, tunamwita Mpakani, kwa sababu kila anachokijua kakijulia Zambia. Cleophas alikaa seminari miezi miwili, ndiyo maana anaitwa Padri Nusu. Mimi naitwa Tadei, lakini tangu nianze kisomo cha watu wazima, nikiwa na miaka hamsini na mbili, wananiita Irabu, maana wiki mbili nzima nilikuwa nalima huku nasema a, e, i, o, u. Sichukii. Leo mfuko wa mbolea naumaliza kuusoma mpaka chini, na Mwalimu Agnesi kanichagua mimi, siyo mwingine, nisome risala saa nane mchana mbele ya mgeni rasmi. Alisema risala ikiwa tayari ataniita kwenye grupu la darasa, nikaichukue. Tangu Alhamisi grupu kimya. Chini kabisa kuna maneno mawili ya Kiingereza, basi. Nikaona niwapelekee simu wajuzi wa benchi.

— Soma mwenyewe, Irabu, akasema Padri Nusu. Si una kisomo.

— Nimesoma. Yo-u le-fti.

— Yu lefti, akasema Mpakani. Hiyo nyepesi. Yu ni wewe. Lefti ni kushoto. Hata kipilefti imetokea hapo. Unakaa kushoto, unazunguka, ukichoka unatoka.

— Kwa hiyo simu inaniambia wewe kushoto?

— Inakuelekeza. Simu za siku hizi zina ramani. Alhamisi ulikuwa unaelekea wapi?

— Nilikuwa nimekaa nyumbani, nasoma.

— Basi ulikaa upande mbaya.

Padri Nusu akatema ganda la karanga.

— Mpakani, hicho Kiingereza chako ni cha kupakia viroba. Sisi seminari tulifundishwa asili ya maneno. Zamani huko kwao lefti ilikuwa maana yake dhaifu. Mkono wa kushoto wakauona hauna nguvu, wakauita hivyo. Baadaye upande mzima ukachukua jina la mkono.

— Kwa hiyo Irabu kaambiwa yeye dhaifu?

— Mimi sijasema. Simu ndiyo imesema. Na bado. Siku ya mwisho kondoo watawekwa kulia, mbuzi kushoto. Imeandikwa. Sasa mtu akikuandikia wewe kushoto, kakuita nani?

— Mbuzi, akasema Abdillah, kahawa ikapita pembeni ya kikombe.

— Umesema wewe.

Roho ikaniuma. Mwalimu Agnesi aniite mbuzi kwenye grupu la watu ishirini na wawili? Nimemkosea nini? Darasa zima ni mimi peke yangu nasoma "ng'ombe" bila kukwama.

— Tulia, mzee wangu, akasema Abdillah. Kabla ya hili birika nilikuwa duka la jumla, kwa ami yangu Amin. Kwenye ubao wa stoo tulikuwa tunaandika, sukari, teni lefti. Maana yake imebaki mifuko kumi. Lefti ni kubaki. Wewe umebaki.

— Nimebaki mimi?

— Wenzako wamepungua, wewe umebaki. Ndiyo ile wanasema, haba na haba hujaza kibaba.

Hiyo ya haba sikuielewa inaingiaje, lakini hilo la kubaki nililipenda. Nikanyoosha mgongo. Kumbe kile kimya chote ni wenzangu wamekatwa, nimebaki mimi na risala yangu.

— Sasa ngoja, akasema Mpakani. Vijana wa stendi wanasema fulani kalefti. Yaani katoka kwenye grupu.

— Nimetoka vipi na nimekaa hapa, unaniona?

— Kweli, upo.

— Na neno moja haliwezi kuwa aliyetoka na aliyebaki, akasema Padri Nusu. Mke wako akikuandikia lefti, utajuaje kama umfungulie mlango au upike mwenyewe? Hata Wazungu hawawezi kuishi hivyo.

Mpakani akanywa kahawa. Mficha uchi hazai, akasema, na hakuna aliyemuuliza uchi wa nani.

— Mimi nadhani ni baridi, akasema Abdillah. Kwao ni zaidi ya hapa. Mtu wa baridi hapendi kufungua mdomo, upepo unaingia. Ndiyo maana neno moja wakalipa kazi nne. Kama koti la Mpakani. Asubuhi koti, mchana mto, usiku blanketi.

— Na Jumapili taulo.

— Padri, koti langu liache.

— Siyo baridi, akasema Padri Nusu. Ni mtu. Kulikuwa na Mzungu anaitwa Lefti, aliletwa kupima barabara ya Chala. Akavunjika mkono wa kulia, ikawa kila kona anakata kushoto. Barabara ikarudi ilikoanzia. Akaona aibu, akaondoka, kofia yake ikabaki. Hapo umepata kushoto, kuondoka na kubaki. Vyote vya mtu mmoja.

— Hiyo uliisoma wapi?

— Seminari.

— Kitabu gani?

— Mimi niliondoka, kitabu kikabaki.

Tulikuwa bado na Mzungu Lefti na kofia yake alipotokea Cornelia. Cornelia tunakaa dawati moja kisomoni. Alikuwa na kanga juu ya sweta, na bahasha ya kaki mkononi.

— Hamjambo hapa.

— Hatujambo, mama. Karibu kahawa.

— Sikai. Kaka Tadei, kulikoni?

— Kulikoni nini?

— Mwalimu kakuita tangu jana, Tadei njoo uchukue risala. Kimya. Tukaangalia, umetoka. Wenzetu wanasema umemwogopa mgeni rasmi. Sasa risala nimepewa mimi, na unajua mimi kwenye ng'ombe nakwama.

— Sijatoka. Nimebaki. Muulize Abdillah, teni lefti.

Abdillah akaanza kufuta vikombe visafi. Cornelia akachukua simu yangu, akaitazama.

— Alhamisi ulibonyeza nini?

Nikamweleza. Nilikuwa nafanya zoezi. Naisoma simu yote, juu mpaka chini, kama mfuko wa mbolea. Chini kwenye grupu kulikuwa na maneno mekundu. La kwanza nikalisoma kwa irabu zangu zote, e-ksi-ti, halafu nikabonyeza nione kama nimepatia.

— Ulipatia, akasema Cornelia. Ukatoka.

Mpakani akainama chini ya benchi kama mtu anayetafuta kiatu. Viatu vyote alikuwa navyo miguuni.

— Nyie wajuzi nisaidieni, akasema Cornelia. Mwalimu kaniuliza, na mimi nawauliza nyie. Huyu katuacha, au sisi ndio tumemwacha?

Padri Nusu akamtazama Mpakani. Mpakani akalitazama birika. Abdillah akaliinamisha, halikutoa kitu.

Nikanyoosha mkono. Cornelia akanipa bahasha. Nikafungua karatasi, nikaanza kusoma pale pale kwa sauti, na upepo unaivuta: "Mheshimiwa mgeni rasmi." Halafu kwa macho nikawatafuta ng'ombe. Walikuwepo, mstari wa sita, na hawakunisumbua.

Nikasimama. Ubao ukabinuka, Mpakani akaenda chini na kikombe chake.

— Irabu, akasema akiwa huko huko chini. Hiyo kahawa yako je?

— Iliyobaki, kunywa.

Njia ya kwenda shule, ukitoka benchini, inakata kushoto. Mimi na Cornelia tukakata. Nyuma nikamsikia Padri Nusu:

— Mbuzi wetu huyo, anakwenda.