Mita Moja Kutoka kwa Lornah

"Mita moja," kijana Griffins alisema, akigeuza simu huku na huku. "Mama, kwa huu mchezo simu zinatafutana. Mke wangu Lornah amejificha ndani ya hii basi."

Nangila, abiria wa kiti cha nyuma yao, aliacha kujifanya amelala.

"Kwao ulishaenda kupeleka mahari?" akauliza mama aliyepandia Katito na kuketi kando ya kijana.

"Bado. Tumekaa pamoja miaka mbili tu."

Mama akafungua kibeti, akatoa simu iliyokuwa ikitetemeka. "Lornah aliisahau kwangu leo asubuhi."

Griffins akasimama wima, maana kwa Wajaluo mkwe haketi bega kwa bega na mama mkwe. Viti vingine vyote vilikuwa na watu.

"Kaa tu," mama alisema polepole. "Wewe bado si mkwe."

Basi likasimama Ahero, mlango ukafunguliwa, na Griffins, aliyelipa mpaka Kisumu, alikuwa bado amesimama.