Shangazi na Mizani Zake Nne

Ijumaa hii, tarehe thelathini, fundi wetu wa springi na usukani anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika gereji hii. Wote tunamwita Shangazi, kwa sababu anakaripia kama shangazi na, ukishanuna, anakuuliza kama umekula. Mimi ndiye fundi injini ninayefunga turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi ipate nguvu, na nimeombwa niandike maneno matamu ya kumuaga. Nitajitahidi, ingawa nimeudhika.

Alianza kwa kuziba pancha, akapanda hadi magari ya michezo, haya ya chini chini yanayonguruma hata yakiwa yameegeshwa. Neno moja amelipiga marufuku humu ndani: "jepesi". Mteja akishalijaribu gari lake baada ya kufungiwa turbo, hurudi meno nje akisema limekuwa jepesi. Jepesi kivipi? Tumeongeza turbo, mabomba, na kipoza hewa kikubwa kama rejeta ya pili. Kilo zaidi ya thelathini, karibu zote puani, mbele ya gari. Gari limepata nguvu na limeongezeka uzito. Kwenye barabara iliyonyooka hutambui. Kwenye kona, pua inakawia kugeuka, halafu turbo inaamka katikati ya kona na nyuma inataka kutangulia mbele. Hapo ndipo watu huishia mtaroni, na lawama huletwa kwangu.

Ndiyo maana hakuna gari la turbo lililotoka hapa bila kupanda mizani nne za Shangazi, moja chini ya kila gurudumu, mwenye gari akiwa ameketi kwenye usukani, maana naye ni mzigo. Wapo walioingiza tumbo ndani, kana kwamba mizani ingewaonea huruma. Kisha Shangazi hubadilisha springi za mbele, huihamishia betri kwenye buti ili nyuma nako kupate uzito, na hupima tena. Mteja mmoja alifungua boneti, akakuta nafasi ya betri iko wazi, akatuletea polisi. Shangazi aliwafungulia buti, kisha akampima mteja upya kwa sababu, alivyodai, hasira nazo zina kilo zake.

Sasa nije kwenye kero yangu. Meneja ametangaza kwamba Shangazi akiondoka, mizani nazo zinaondoka, na kona yake itawekwa makochi ya wateja. Eti kupima kunachelewesha kazi. Eti turbo ni kazi ya injini, basi. Nani kamwambia? Mimi ndiye ninayeifunga na sijawahi kusema hivyo. Tunampa mwenzetu keki na saa ya ukutani, halafu tunaitupa kazi yake kabla hajafika getini. Hiyo ni dharau, na ninaiandika hapa ili isomwe sherehe ikiendelea.

Kilichonifanya nitoe povu zaidi ni cha juzi. Meneja huyo huyo, ambaye wiki hii nimemfungia turbo kwenye gari lake mwenyewe, alimfuata Shangazi kwa upole akamwomba alipime kabla ya Ijumaa. Nilitegemea atamtimua. Shangazi alimwambia tu, "Panda ukae. Bila wewe ndani, vipimo ni uongo." Meneja akapanda, akashika usukani hadi kazi ilipokwisha. Gari lake sasa linakata kona vizuri sana. Makochi bado yanakuja.

Jumatatu linatakiwa kutoka gari jingine la turbo. Mwenyewe ni baba kijana, na nyuma kuna kiti cha mtoto. Ufunguo wake ninao mimi, na sitautoa kwa mtu yeyote mpaka gari hilo lipande mizani.

Shangazi, asante kwa kila karipio. Tunakuombea mapumziko marefu, afya tele na wajukuu wasiokuogopa. Siku ukipita kutusalimia, ukakuta makochi kwenye kona yako, usiniulizie, nitakuwa nimeshaondoka.