Majoho Yamebaki Kabatini

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza mzee wetu, kabla familia haijawasomea alizaliwa lini na alifanya nini, inaona vyema ianze na jambo ambalo imeshindwa kulijua na huenda isilijue kamwe: kwa nini mtu aliyefundisha nusu ya mtaa huu kuimba, aliyezoea kusema kwamba hakuna asiyejua kuimba ila kuna walioambiwa wanyamaze, aliagiza kwamba siku ya kuzikwa kwake kwaya yake isiimbe. Wengi wenu mmefika mkatupa macho huku na huku mkitafuta majoho ya kijani ya kwaya, na minong'ono tumeisikia. Tutafika huko.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya watano, baba yake akiwa fundi cherehani na mama yake mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana, na mwenyewe alipenda kusimulia kwamba mwalimu wake wa kwanza wa muziki ulikuwa mguu wa baba yake juu ya kanyagio la cherehani, kwani alikuwa akijilaza chini ya meza ya kukatia vitambaa akisikiliza mwendo ule unavyokazana kwenye mshono mrefu na kupungua penye kona, huku naye akiufuata kwa kugonga kijiko sakafuni, mpaka baba yake achoke na kumnyang'anya kijiko.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, ambako alikabidhiwa kengele ya shule kwa sababu ni yeye tu aliyeweza kuigonga bila kuwashtua watoto wa darasa la kwanza, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1970, kisha akajiunga na chuo cha ualimu, na huko akakutana na kinanda cha kwanza maishani mwake, kinanda ambacho vibonyezo viwili vilikuwa vimekufa, akajifunza kuviruka, na tabia hiyo ya kuruka hakuiacha hata miaka mingi baadaye alipopata kinanda kizima, jambo lililowachekesha sana wanafunzi wake.

Januari 1973 aliajiriwa kuwa mwalimu wa muziki, akapewa chumba kilichokuwa stoo ya madawati yaliyovunjika, akayapanga madawati yale ngazi kwa ngazi ili kila mtoto aone mkono wake, na humo akafundisha hadi alipostaafu mwaka 2011. Jina la Mwalimu Pumua alilipata humo humo, kwa kuwa hakuna wimbo alioruhusu uanze kabla hajainua mkono na kusema, "Pumueni kwanza," na ole wake aliyechungulia dirishani akidhani darasa limelala, maana wimbo ulimlipukia usoni.

Mwaka 1984 alianzisha kwaya ya mtaa, ambayo hakumkatalia mtu kuingia, na kati ya mwaka 1994 na 2009 alikuwa mwenyekiti wa mtaa wetu, kazi aliyoifanya kwa njia ile ile ya darasani. Wengi mtakumbuka ugomvi wa mtaro, pale muuza mkaa na mwenye duka la dawa walipofikishana kwenye mkutano wakiwa hawatazamani, kila mmoja akidai maji machafu ni ya mwenzake, marehemu akawaketisha benchi moja, akainua mkono, akawaambia, "Pumueni kwanza, halafu mtukanane kwa zamu." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, muuza mkaa akasema, "Mwenyekiti, sasa hasira yenyewe imenitoka, nitamtukana na nini?" na mtaro ukachimbwa wiki ile. Si kila ugomvi uliisha hivyo, na marehemu hakujidai kwamba uliisha.

Tarehe 12 Agosti 1978 alifunga ndoa na mama yetu, karani wa posta, aliyemkubali kwa sharti kwamba pasiwe na mazoezi ya sauti nyumbani kabla yeye hajamaliza chai ya asubuhi, na sharti hilo lilishikwa hadi mwisho. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza fundi umeme, wa pili dereva wa lori, na kitinda mimba, binti, ambaye ni mwalimu wa hesabu, na ambaye marehemu alimwachia kwaya mwaka 2022, baada ya mapafu kuanza kumsumbua.

Ugonjwa ulikuwa mrefu. Mtu aliyewafundisha wengine kupumua alikosa pumzi ya kumfikisha mlangoni, ikabidi iletwe mashine ya oksijeni chumbani, naye akailalamikia kwamba inaunguruma chini kidogo ya sauti inayotakiwa. Binti yake alikuwa akisimama nje ya mlango akisikiliza kifua kile kinavyohangaika, akijikuta naye anabana pumzi bila kujua. Siku ya Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, asubuhi, mama akiwa amemshika mkono, marehemu alivuta pumzi, akaitoa polepole, akaishia hapo. Familia imelia na itaendelea kulia, lakini tusidanganyane, binti alipozima mashine ile na nyumba ikatulia, mabega yake yalishuka, akasema, "Mama, baba ameshusha mzigo," na mama akamjibu, "Na sisi, mwanangu."

Utulivu huo haukudumu. Kesho yake, katika kikao cha familia na kwaya, mama alitoa ule wosia, na mzee wetu wa besi, seremala mstaafu ambaye wote tunamwita Ngurumo, alisimama. "Mtaa mzima tumewaimbia misibani," alisema, "hata yule aliyekuwa akifungulia redio makusudi tukiwa mazoezini, tulimwimbia. Leo tumzike Mwalimu kimya kimya kama gunia? Mkifanya hivyo, joho langu nalirudisha." Waimbaji wenzake wakatikisa vichwa kukubaliana naye. Baba mdogo akajibu kwamba wosia ni wosia, na kaka hakuwa mtoto, alijua alichokisema.

Macho yote yakamgeukia binti. Yeye ndiye mwenye kwaya, na aliona wazi kwamba akisema waimbe atakuwa amelivunja neno la baba yake kaburi likiwa halijachimbwa, na akisema wasiimbe huenda akabaki na kwaya isiyo na besi, pengine asiwe na kwaya kabisa. Akamuuliza mama, "Alisemaje hasa?"

"Alisema siku yake wanakwaya wasiimbe," mama alijibu. "Nikamuuliza kwa nini. Akacheka mpaka akakohoa, akaniambia, wewe waambie tu."

Binti akamgeukia Ngurumo. "Mzee wangu, siku tuliyomzika bibi, mkeo, wewe ulikaa wapi?"

"Nikae? Nilisimama. Siku ile besi tulikuwa wachache, nani angeshika?"

"Ukalia saa ngapi?"

Mzee alitazama mikono yake. "Bado," alisema, na ndipo hapo, mbele ya watu wote, akaanza.

Hatusemi kwamba hiyo ndiyo sababu ya marehemu. Baba mdogo anaamini kaka yake aliogopa tu kuimbiwa vibaya, kwa sababu koo linalolia hushusha sauti, na mama anasema labda alitaka kutuchokoza mara ya mwisho. Kila mmoja abaki na lake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu bila kuchoka na kutueleza kila hatua, majirani waliokesha nasi na waliotuazima viti na maturubai, muuza mkaa na mwenye duka la dawa waliofika pamoja, walimu wenzake, wanafunzi wake wa miaka yote, na wote ambao hatukuweza kuwataja.

Mwisho, tunawajulisha kilichoamuliwa katika kikao kile, ili asiwepo wa kudhani kwamba kwaya imesusa. Iliamuliwa kwamba waliosimama kwenye misiba yetu yote, wakaimba ili sisi tupate kulia, leo wasisimame, waketi mbele pamoja na wafiwa, kwa kuwa nao wamefiwa. Viti vyao vimepangwa asubuhi hii na binti wa marehemu kwa mikono yake. Kabati la majoho limefungwa na mzee Ngurumo mwenyewe, ambaye ameketi pale, safu ya kwanza, karibu na mama, ufunguo ukiwa mfukoni mwake, na ametuomba tuwatangazie kwamba Jumamosi ya wiki ijayo, saa kumi jioni, saa ya mazoezi, atalifungua.

Mwalimu Pumua, kazi ya kuvuta pumzi umeimaliza. Pumzika, nasi tupumue.