Mishono ya Bawa la Kushoto

Haya sikuhadithiwa. Nilikuwepo tangu kikombe cha kwanza, nimekaa mwisho wa benchi upande wa ukuta, na asiyeamini akamuulize kinyozi, ingawa kinyozi naye huongeza chumvi. Benchi lenyewe liko kona, mkabala na geti la karakana ya Fundi, anamochomelea vyuma vya watu. Ni ubao mrefu ambao Fundi aliuchonga uwe mhimili wa bawa la ndege yake, kisha akaukataa kwa sababu ya kifundo kimoja cha mti kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Sisi tukaukalia. Miaka sita tumekaa juu ya bawa lililokataliwa, tukinywa kahawa na kuchungulia getini Fundi akiunda yale yaliyokubaliwa: ndege ya mtu mmoja, mbao na kitambaa, injini ya gari dogo, mkia umepakwa rangi nyeupe na kuachwa wazi mahali pa kuandika namba za usajili. Namba hizo ndizo zilizoleta maneno Jumanne ile.

Fundi alitoka getini na bahasha ya kaki mkononi, akakaa, hakusalimu. Kwa mtu aliyezoea kutusalimu mmoja mmoja mpaka kahawa inapoa, hiyo peke yake ilikuwa habari. Barua ilitoka mamlaka ya usafiri wa anga. Akampa Wakili aisome. Wakili si wakili. Alikuwa tarishi wa mahakama miaka ishirini na miwili, akabeba mafaili mpaka sheria ikamwingia kwa njia ya bega.

Barua haikuwa mbaya. Walimshukuru kwa maombi yake. Walisema ndege iliyoundwa nyumbani inasajilika, fomu yake ndiyo hiyo ndani ya bahasha, na mkaguzi angefika Alhamisi saa nne asubuhi. Tatizo lilikuwa aya ya nne. Mabawa hukaguliwa ndani kabla ya kufunikwa kitambaa. Aliyekwisha kufunika aonyeshe picha za kila hatua. Asiye na picha, afungue.

— Picha unazo? Wakili akauliza.

— Ninayo moja. Mimi na marehemu tumesimama mbele ya ndege.

— Bawa linaonekana?

— Amelikinga kwa bega lake.

Kila mtu pale benchini alijua kitambaa kile kilishonwa na nani. Mke wa Fundi alikuwa fundi cherehani, na sisi sote tulimwita Shemeji, hata tusiokuwa na udugu wowote na nyumba ile. Mabawa yale hayakuingia kwenye cherehani. Aliyashona kwa mkono, kwa sindano iliyopinda na uzi uliopakwa nta, mshono baada ya mshono, kila mmoja na fundo lake, upana wa kidole kati ya mmoja na mwingine. La kushoto alilimaliza siku mbili kabla ya kwenda hospitali kupasuliwa. Kutoka hospitali hakurudi. Kwa hiyo kufungua bawa ni kukata mishono ya Shemeji, na kutofungua ni kuiacha ndege karakanani ikizeeka bila namba.

Redio ndiye aliyetangulia kutoa shauri. Huyo ni kinyozi, mwenye kiti kimoja na maoni elfu. Alisema jambo ni dogo. Fomu inauliza jina la mtengenezaji. Basi Fundi aandike kiwanda fulani cha ng'ambo, kiwe kimefungwa zamani.

— Kiwanda kimekufa, kaka. Nani atakwenda kukiuliza?

— Mbao zina muhuri wa duka la hapo nyuma, Fundi akasema. Huyo mkaguzi ana macho.

Wakili akakunja barua, akakohoa kama aliyesimama mbele ya hakimu. Kwa miaka yote aliyokaa mahakamani, alisema, hajaona mtoto akizuiwa tumboni mpaka afisa atie sahihi. Mtoto huzaliwa, cheti hufuata. Basi ndege iruke kesho, Jumatano, pale uwanja wa mchanga nyuma ya bohari. Alhamisi mkaguzi atakuta kitu kilichokwisha kuruka, na jambo lililokwisha kutendeka huwezi kulikatalia kutendeka.

— Na nikianguka hiyo kesho?

— Hapo fomu haitakuwa na haja tena.

Wakili alitegemea kicheko. Hakikuja. Akajificha ndani ya kikombe.

Muuza kahawa kwa kawaida hachangii. Yeye humimina na kusikiliza. Siku ile akaweka birika chini. Alisema mguu wake ulipovunjika haukupasuliwa ili daktari aone mfupa. Ulipigwa picha, mfupa ukaonekana na nyama yake juu. Bawa nalo lina mbavu, za mbao. Lipelekwe hospitali.

Redio akataka kujua kama litalazwa wodi ya wanaume. Muuza kahawa akasema litaingia kama mgonjwa wa nje. Wakaanza kupima kwa hatua pale barabarani kama bawa la mita nne na nusu linaweza kukata kona ya mlango wa hospitali, na Redio, alipoona kona haikatiki, akaligeuza shauri zima: ndege ing'olewe magurudumu, isajiliwe boti. Mabawa yaandikwe turubai. Boti ikitokea ikapanda juu kuliko ilivyokusudiwa, hiyo ni bahati mbaya ya nahodha, na watu wa anga hawana mamlaka juu ya nahodha.

Fundi alicheka, kidogo tu, kwa pua. Nilimwangalia vizuri. Kila mmoja alipomaliza kusema yeye aligeukia wa pili yake, kama mtu anayeomba kuongezewa. Hakuwa akitafuta njia. Alikuwa akipenda mazungumzo yaendelee, kwa sababu yakiendelea mkasi wa Shemeji unabaki kwenye boksi lake.

Ndipo akaja mama mmoja ambaye hatukumjua, amebeba stuli ya chuma iliyokatika mguu. Aliona geti wazi, karakana haina mtu, akauliza fundi wa kuchomelea yuko wapi. Fundi akanyoosha mkono, akamwambia dada, nipe dakika tano, ninamalizia jambo. Mama akaiweka stuli chini, ikaegemea ukuta kwa miguu mitatu, naye akasimama kusikiliza habari za boti, hospitali na kiwanda kilichokufa. Alisikiliza kwa adabu. Wakili akamfafanulia aya ya nne kwa faida ya mgeni.

— Samahani, kaka zangu, akasema. Kwani hilo bawa ndani liko sawa?

Redio akamjibu upesi kwamba hilo si swali la kuulizwa kwa Fundi. Akapigapiga benchi. Ubao huu, dada yangu, aliukataa kwa kifundo ambacho hata kuku angepita bila kukiona. Mtu wa namna hiyo huacha kitu kibovu ndani?

Mama akakiangalia kifundo, akakigusa kwa kidole.

— Ubao huu nimeuona, kwa sababu hamjaufunika. Nauliza lile bawa.

Hapo ndipo kahawa ilipoisha. Muuza kahawa aliinamisha birika, likatoa tone moja na mashapo, na sote tukawa hatuna cha kuzibia midomo. Tukamtazama Fundi.

Fundi, kama alivyotuambia baadaye, mawazo yake yalikuwa yamerudi juma lile la miaka miwili iliyopita. Shemeji amekaa kwenye godoro lililokunjwa, kitambaa kimemjaa mapajani, maumivu anayaficha kwa kuimba. Anataka amalize kabla hajaitwa hospitali. Gundi ile hutaka mbao zibanwe kwa klampu siku nzima na usiku wake. Ubavu wa saba aliupaka gundi mwenyewe, hilo alilikumbuka. Klampu aliibana, na hilo pia. Aliifungua lini? Kila alipojiuliza alimwona Shemeji na sindano mkononi, anasubiri, na kumbukumbu ikaishia hapo.

— Sijui, akasema.

Miaka sita hatukuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

Akainuka. Tukamfuata, mama naye, stuli tukaiacha ukutani. Akatoa mkasi mdogo wa marehemu kwenye boksi la bati, akapiga magoti chini ya bawa la kushoto. Mshono wa kwanza ulimshinda. Aliweka mkasi, akautoa, akafuta jasho ambalo halikuwepo. Halafu ukakatika, kwa sauti ndogo, kama mtu anayevunja kijiti. Baada ya hapo alikata polepole bila kusimama. Kila uzi aliokata aliutia mfuko wa shati.

Ubavu wa kwanza ulikuwa mzima. Wa pili, wa tatu, mpaka wa sita, mbao kavu, gundi imeshika kama mfupa. Akaweka kidole kwenye wa saba, akasukuma. Ubavu ukacheza.

Haukuwa umevunjika. Ulicheza tu, taratibu, kama jino la mtoto. Wakili akavua kofia. Ni yeye aliyesema iruke kesho. Redio alifungua mdomo, akaufunga, na hilo ni tukio ambalo wateja wake mpaka leo hawalikubali.

— Yeye alishona sawa, Fundi akasema. Mimi ndiye niliyeharakisha.

Mama akainama akashika ukingo wa kitambaa, akapitisha dole gumba juu ya mishono iliyobaki. Akasema aliyeshona hii alikuwa na mkono. Fundi akamwitikia kwa kichwa, akainuka kwenda kuchomelea stuli, na alipoulizwa bei akasema hakuna.

Kisha akakaa na fomu. Penye hali ya sehemu za ndani akaandika: ubavu wa saba, kushoto, umeachia gundi, kosa langu. Penye jina la mtengenezaji akasita, akamuuliza Wakili kama sheria inaruhusu majina mawili. Wakili akasema kwa sauti ya chini kwamba nafasi ni ndogo. Fundi akayaandika kwa herufi ndogo, lake na la Shemeji, yakaenea.

Alhamisi mkaguzi alikuja na tochi. Alichungulia muda mrefu, akasoma fomu, akamwangalia Fundi, akasema paka gundi, subiri siku nzima, niite tena nione kabla hujashona. Mkia bado mweupe. Gundi imekwisha kushika, mkaguzi ameitwa, na siku hizi Fundi hukaa nasi na kipande cha kitambaa pajani na sindano iliyopinda, anajifunza. Mishono yake ya mwanzo ilikuwa aibu. Sasa unaweza kuitazama.

Yote niliyosema niliyaona, na kifundo cha benchi kipo, njoo ukalie. Jambo moja tu nimelitia mwenyewe. Kahawa haikuisha. Birika lilikuwa limefika nusu, na muuza kahawa alikuwa amelishika tayari kumimina. Ila mama yule alipouliza, hakuna aliyenyoosha kikombe.