Saa Kumi na Nne Zilizobaki

Wasikilizaji wapendwa, aliyesimama na akae, na mwenye kusonya asonye sasa amalize. Leo tunamkumbuka matroni wa bweni la wasichana, aliyebatizwa na wanafunzi jina la Filimbi. Amefariki akiwa na miaka hamsini na miwili, na alikuwa bado mwanafunzi. Tunarudia: bado mwanafunzi.

Kwa miaka ishirini Filimbi aliamsha mabinti kwa filimbi yake. Mkate uliofichwa chini ya godoro aliujua kwa kutazama sisimizi wanakoelekea. Kisha binti mmoja akakaa siku nne bila kula wala kusema. Filimbi akamwambia, "Kanawe uso, utachangamka." Binti akanawa. Hakuchangamka. Wazazi wakaja kumchukua, na kitanda chake kikabaki kitupu mwaka mzima.

Hapo Filimbi akaitoa kabatini shahada yake ya kwanza, akaingia chuo kikuu kusomea uzamili wa saikolojia ya ushauri nasaha.

"Dada, utahitimu na mkongojo," mdogo wake alimtania.

"Basi tutapanda jukwaani wawili, mimi na mkongojo."

Vitabu havikumsumbua. Mazoezi ndiyo yaliyomtoa jasho. Saa mia tatu za kukaa na wateja. Kila saa inarekodiwa kwa ridhaa ya mteja, msimamizi anasikiliza, fomu inatiwa sahihi. Saa yake ya kwanza ilikataliwa.

"Mama," msimamizi alisema, "mteja ameongea dakika sita. Zilizobaki umeongea wewe. Na hapa katikati umemtuma kufagia."

"Alikuwa ananung'unika tu, mwalimu."

"Ndiyo, mama. Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Saa arobaini zilikataliwa. Filimbi alijifungia stoo ya mashuka, akalia mpaka foronya mbili zikalowa. Halafu akapata dawa yake: akiketi na mteja, anaibana filimbi mdomoni. Akithubutu kusema, itapiga kelele.

Ndipo daktari akamwambia kuhusu saratani ya kongosho. Akampa miezi michache.

"Nimebakiza saa tisini," Filimbi alimwambia. "Nifikishe mwisho wa muhula, baba. Baada ya hapo sitakusumbua."

Chuo kilimruhusu kumalizia shuleni, katika chumba cha kupigia pasi. Viti viwili, kinasa sauti, saa ya ukutani. Hakuja mtu. Nani atampa siri mtu anayewasoma mpaka sisimizi? Wiki mbili Filimbi alikitazama kiti kitupu, huku suruali na sketi zikimlegea kiunoni.

Watundu wa kidato cha tatu wakaona hapo pana mchezo. Wa kwanza akaja kuungama kwamba anampenda mpishi. Wa pili akadai kabati lake linamsengenya. Nje korido nzima ikishika mbavu. Filimbi alisikiliza yote, filimbi mdomoni, fomu zikijaa.

Kinara wao alimzika bibi yake mara tatu katika kiti kile. Wiki ya nne uongo ukamwishia. Akanyamaza. Dakika kumi na moja, wasikilizaji; kinasa sauti kinashuhudia. Kisha akasema, "Mama hajanipigia tangu muhula uanze." Na hapo inasikika filimbi ikilia kidogo sana, kwa pumzi tu.

Filimbi alifariki Alhamisi. "Hesabu tena," alikuwa amemwambia mdogo wake hospitalini. "Labda wamekosea kujumlisha."

"Nilihesabu mara tatu," anasema mdogo wake. "Mia mbili themanini na sita. Nikatamani kumdanganya. Sikuweza, alikuwa ananitazama."

Zilibaki saa kumi na nne. Wiki iliyofuata mabinti kumi na wanne waliingia chumba cha pasi, mmoja mmoja. Kila mmoja aliwasha kinasa sauti, akaketi saa nzima mbele ya kiti kitupu, akaongea, akajaza fomu. Wakapeleka fomu na rekodi chuoni. Chuo kikazirudisha fomu zote, kwa kuwa hazina sahihi ya mshauri. Shahada haitatoka.

Lakini msimamizi alisikiliza saa zote kumi na nne. Juu ya kila fomu ameandika kwa penseli: "Mshauri hakumkatiza mteja hata mara moja."

Tunampa pole mdogo wake, pole bweni zima, na pole mpishi, ambaye hadi leo hajui alipendwa. Wasikilizaji wapendwa, jioni hii muulizeni mmoja wa nyumbani ameshindaje. Kisha nyamazeni. Akilia, msimtume kunawa uso.