Sirili Kessy na Mapigo Hamsini na Mawili

Tarehe 30 Juni 2025, Ndugu Sirili Kessy anastaafu akiwa na umri wa miaka sitini. Atakuwa amekitumikia kituo chetu cha tiba ya mifugo hapa Moshi kwa miaka thelathini na tano na miezi kumi na moja, yote katika kazi moja: kumtuliza mnyama, kumzuilia maumivu na kumsimamia mpaka upasuaji uishe. Sehemu kubwa ya muda huo aliifanya peke yake. Ndiyo maana tangu Januari kila kikao chetu kimeishia kwenye swali moja. Kuanzia Julai mosi, nani atajua kwamba mnyama anaumia?

Aliajiriwa Agosti mosi 1989 kama msaidizi wa mifugo, mzaliwa wa Kibosho. Siku hizo ng'ombe asiyepiga teke alihesabiwa kuwa hana maumivu. Yeye pia aliamini hivyo, hadi mwaka 1994 alipoitwa kusaidia kukata pembe za mtamba mmoja huko huko kwao. Alimchoma dawa ya kutuliza peke yake, bila ganzi. Mtamba alitulia tuli. Dawa ilipoisha, aligoma kula siku tatu, na kila akiona koti la kijani alirudi nyuma hadi ukutani. Kessy alipanda kumwona siku zote tatu, kwa miguu, maana mvua ilikuwa imekata barabara. Kisha akaandika kwenye daftari la dawa za usingizi kwa wino mwekundu: "Alitulia. Aliumia. Kosa langu." Hakuna mwajiriwa mpya aliyeshika sindano hapa kabla ya kusomeshwa ukurasa huo.

Somo lake la maumivu halikuhitaji ubao. Jeraha, alieleza, hutuma taarifa kwa mishipa ya fahamu hadi uti wa mgongo, kisha ubongoni, kama maji yanavyoshuka kwenye mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, kuingia kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani. Ukimpa mnyama usingizi tu, umemlaza mwenye kihamba. Maji bado yanaingia, na akiamka atakuta migomba iko chini. Ganzi ndiyo inayoziba mfongo. Dawa ya kupunguza uvimbe hupunguza maji kule juu yanakotoka. Alitaka vyote vitatu, na baada ya ganzi alitaka dakika kumi kamili kwa saa ya mkononi, daktari awe na haraka au asiwe nayo.

Hakuamini uzito wa kutajiwa. Dawa ya kutuliza ikizidi kidogo, ng'ombe huanguka, na wafugaji wetu hawana ng'ombe mdogo. "Huyu ni kilo mia sita, mwalimu!" mfugaji angesema. Kessy alizungusha utepe wa kupimia uzito kifuani mwa ng'ombe, akasoma mia tatu na themanini, akamwambia mwenye mali kwamba hizo nyingine labda zimebaki malishoni.

Utaratibu wake mwingine haumo kwenye kitabu chochote tulicho nacho. Kichwani mwa ng'ombe alimsimamisha yule anayemkatia majani kila siku, si mwenye jina kwenye kadi ya chanjo. Kwa kawaida ni mama wa nyumba. Yeye ndiye anayejua masikio ya ng'ombe wake yanakaaje siku njema.

Msaidizi wake, Rukaya Khamisi, alipewa mtihani wa mwisho Mei 14, Masama, kwa Bi Aikaeli Munisi. Ng'ombe wake alikuwa amemeza kamba ya nailoni. Ni kosa la huku kwetu: majani hupandishwa kutoka tambarare yakiwa mizigo iliyofungwa kwa kamba, na mzigo ukitupwa horini kwa haraka, kamba huenda nao. Dokta Godlove, daktari wetu wa upasuaji, angefungua tumbo ubavuni, ng'ombe akiwa amesimama. Makubaliano yalikuwa kwamba Kessy atakaa mlangoni mwa banda na asiguse kitu.

Rukaya alipima utepe, akachoma dawa, akapiga ganzi, akasubiri dakika kumi. Mapigo ya moyo yalikuwa hamsini na mawili. Kisu kilipoingia, ng'ombe hakutikisika. Rukaya alihesabu tena.

"Dokta, simama kidogo. Sabini na sita."

"Sabini na sita ni ya kawaida, binti," Kessy alisema kutoka mlangoni. "Ametulia huyo. Endeleeni."

Sote tuliokuwepo tulijua yeye ni nani na Rukaya ana miezi kumi na minne kazini. Dokta Godlove alimtazama mzee, kisha binti.

"Samahani, Mzee. Yalikuwa hamsini na mawili kabla ya kisu," Rukaya alijibu.

Bi Aikaeli, aliyeshika kichwa, aliongeza kwamba sikio la kushoto halijakaa kama siku zote. Kessy alilitazama sikio hilo kutoka mlangoni. Kisha akasema, "Msikilizeni."

Mshipa mmoja wa fahamu ulikuwa haujapata ganzi. Rukaya aliuchoma, akasubiri dakika kumi nyingine, mapigo yakashuka hadi hamsini na manne. Kamba iliyotoka ilikuwa na urefu wa mita mbili na nusu. Kesho yake Bi Aikaeli alipiga simu kusema ng'ombe anacheua.

Wasiwasi wetu haujaisha. Rukaya ni mmoja, na vihamba ni vingi. Lakini siku ile, kabla ya kupanda gari, Kessy aliomba daftari na kalamu nyekundu. Aliandika: "Alitulia. Aliumia. Mimi sikujua. Rukaya alijua."

Asante, Mzee Sirili, kwa kuandika pia usiyoyajua. Nenda Kibosho ukapumzike, na afya ikusindikize miaka mingi. Simu yako usiizime mwezi wa saba.